Hadithi Inayongoja Theluji

Kwa miaka kumi na moja Athanas aliendesha gari Doha, watu wamejaa nyuma yake, naye hana mtu. Abiria walipanda, wakataja wanakokwenda, wakainamia simu. Kwenye kioo aliona mapaji ya nyuso tu. Hakulalamika. Gari halikuwa la baba yake, na ukimya haunywi petroli.

Ndipo akaja Cheryl. Siku ya kwanza alifungua mlango wa mbele.

"Madamu, nyuma kuna nafasi," Athanas akamwambia.

"Nimeiona," akasema, akafunga mkanda.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na mvi zake alizisuka msuko mmoja uliomfika kiunoni. Athanas alimdhania Mfilipino. La, akasema mama yule, yeye ni Mwojibwe, wa kaskazini mwa Amerika, kwenye maziwa na misitu, na watu wake walikuwapo huko kabla ya wageni waliokuja na meli. Chuo kimoja cha Doha kilikuwa kimempa mkataba wa miaka miwili kufundisha Kiingereza. Alikaa Al Wakrah, na kazi ya Athanas ilikuwa kumpeleka chuoni asubuhi na kumrudisha jioni.

Bibi yake Cheryl alichukuliwa na serikali akiwa mtoto akapelekwa shule ya bweni, akapigwa kwa kila neno la kwao mpaka akaiacha lugha mlangoni kama mtu anavyoacha viatu. Mama yake Cheryl hakupewa hata neno. Cheryl mwenyewe alianza kujifunza akiwa na miaka arobaini, kwa kuketi na vikongwe na daftari mapajani. Siku hizi, alisema, kwao kuna shule ambazo watoto wanafundishwa kwa Kiojibwe, hata hesabu. Lakini hapa Doha hapakuwa na wa kumjibu.

"Kujisemesha peke yako ni kama kucheza bao peke yako," Athanas alikubali. "Utashinda, lakini umemfunga nani?"

"Basi cheza na mimi."

"Mimi shule niliacha darasa la sita, Madamu."

"Afadhali. Hawakuwahi kukuharibu."

Wakaanza. "Boozhoo, Athanas." Naye anajibu, "Boozhoo." Anaulizwa hali, anasema, "Nimino-ayaa," yaani sijambo. Miezi ikapita. Akajua maji, njia, ndege, njaa. Akajua kusema kwamba jua ni kali, na hilo Doha ulikuwa unaweza kulisema kila siku bila kuwa mwongo. Dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, Athanas alikuwa mtu anayeongeleshwa. Alianza kuamka kabla ya saa kulia.

Siku moja Cheryl akamuuliza, "Na kwenu mnasema lugha gani?"

"Kijaluo. Kiswahili."

"Kabla ya hapo?"

"Kisuba. Kilikufa."

"Nani aliyekizika?"

Athanas akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Ukweli ni kwamba alikuwa na dada, Perpetua, mkubwa wake kwa miaka kumi na minane, aliyebaki kisiwani Mfangano, Ziwa Viktoria. Kila wiki Perpetua alipiga simu akamsemesha Kisuba, na kila wiki Athanas alimjibu kwa Kijaluo. Alikielewa chote. Lakini utotoni, ukikitamka shuleni, ulichekwa mpaka ukasahau ulichotaka kusema. Kikakaa ndani bila kutoka, na kila kilipofika mdomoni kilikuwa kimevunjika. Mwanamume wa miaka hamsini hapendi kusikika kama mtoto wa miaka minne.

Alhamisi iliyofuata dada akapiga wakati simu imeunganishwa na spika za gari. Cheryl akasikiliza sauti mbili zikipokezana, kila moja na lugha yake. Simu ilipokatika akasema, "Maiti wako ana sauti kubwa."

Athanas alicheka. Halafu akakasirika mpaka Al Wakrah.

Mwezi wa kumi Athanas alimwomba hadithi. Cheryl alikuwa amemwambia kwamba kwao kuna hadithi kubwa za kale, zinazobeba kila kitu, jinsi dunia ilivyoanza na jinsi mtu anavyotakiwa kuishi.

"Siwezi. Hakuna theluji."

"Madamu, hii ni Katari."

"Ndiyo shida yangu."

Akamweleza. Hadithi hizo husimuliwa majira ya baridi tu, theluji ikiwa imelala ardhini. Wakati huo wanaotajwa ndani yake wamelala, hawasikii wakisemwa. Ukiwasema wakiwa macho, unajitafutia balaa. Athanas hakuona ajabu. Bibi yake mwenyewe hakusimulia hadithi mchana, na mtoto aliyeidai jua likiwaka aliambiwa hatarefuka.

"Kuna duka kubwa lina uwanja wa barafu," akamwambia. "Watoto wanateleza. Nikupeleke?"

Cheryl alicheka mpaka akavua miwani aifute. "Barafu ya mashine! Hiyo inalaza samaki, Athanas. Hao haiwalazi."

Januari kaka yake Cheryl alimtumia picha ya nyumba yao, theluji imefika madirishani. Cheryl akampigia mzee aliyemfundisha, akamuuliza. Mzee akasema theluji ya kuangaliwa ni ya pale hadithi inapoishi. Jioni hiyo, giza limeshaingia na magari yamesimama foleni ndefu, Cheryl akasimulia. Kwanza kwa Kiojibwe, polepole, kisha kwa Kiingereza. Hadithi yenyewe siiweki hapa, kwa sababu sijui wewe unasoma mwezi gani.

Athanas hakuwahi kupewa kitu kama kile. Na ndani ya kupewa huko akafanya kosa. Simu ilikuwa mbele yake kwenye kishikio, akabonyeza, ikarekodi yote. Hakusema. Mara ngapi Cheryl alimwambia kwamba kila kikongwe anayekufa anaondoka na gunia zima la hadithi? Athanas akaona amemnyang'anya kifo gunia moja. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na watu wa nia njema hawaombi ruhusa.

Akaikalia mpaka Mei.

Alikuwa anaishi Abu Hamour, chumba kimoja na wenzake wawili. Dedan, Mkenya mwenzake wa Nyeri, alikuwa mlinzi. Makame wa Unguja alikuwa mpishi hotelini, na siku za mapumziko alipika nyumbani ili asisahau ladha. Jioni hiyo Athanas alikuwa anapiga pasi shati huku akinong'ona maneno yake.

"Buda, unaongea na nani?" Dedan akauliza.

"Najifunza Kiojibwe."

"Kio-nini?"

"Mwache, Dedan," Makame akasema, anageuza samaki. "Kiarabu kimemshinda, Kiingereza kimemshinda, sasa kahamia kwa watu wa manyoya. Wallahi, bwana Athanas, mwacha asili ni mtumwa. Dada yako anakupigia kwa lugha yenu humjibu, unakwenda kubeba ya watu!"

Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Akaweka pasi chini. "Mnadhani ni mchezo? Sikilizeni." Akawafungulia rekodi.

Sauti ya Cheryl ikajaa chumbani, juu ya kelele za kiyoyozi na mafuta ya samaki.

"Hii si lugha," Dedan akasema. "Hii ni redio imekosa stesheni."

Makame akawa anaitikia "Naam!" kila mama yule alipovuta pumzi. Wakacheka mpaka Dedan akakaa sakafuni. Athanas angeweza kuizima. Hakuizima. Aliiacha ikaenda mpaka mwisho, akingoja wafike mahali watakapoacha kucheka, na hawakufika.

Kesho yake, ili ajitoe ladha ile mdomoni, akaamua kuitoa kama zawadi. Mchana, chuo kimefunga mapema, joto nyuzi arobaini na tatu, wanapita Al Thumama, akasema, "Madamu, gunia hili halitapotea." Akabonyeza.

Cheryl alisikia maneno matatu ya sauti yake mwenyewe.

"Zima."

Akazima.

"Nani mwingine amesikia?"

Athanas alikuwa na makosa mengi lakini hakuwa mwongo. "Wawili. Ninaokaa nao."

"Lini?"

"Jana."

"Wakasemaje?"

"Walicheka."

Cheryl aligeukia dirisha. Nje hapakuwa na kitu ila kuta za rangi ya mchanga na mwanga unaoumiza macho. "Bibi yangu alichekwa kwa lugha hii," akasema. "Sikujua nimeileta mpaka huku ichekwe tena. Na wenyewe wako macho."

Hakupandisha sauti. Angeipandisha, ingekuwa afadhali.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango wa nyuma.

"Boozhoo," Athanas akasema.

Akamjibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibiwa madereva.

Ikawa hivyo wiki sita. Kwenye kioo, paji la uso. Athanas alizoea kuwa peke yake kabla Cheryl hajaja, lakini upweke wa kwanza ulikuwa kama kiatu kilichokubali mguu. Huu wa pili ulikuwa mpya, ulibana. Kiti cha kulia kwake kilikuwa wazi na mkanda umening'inia. Alipobaki peke yake garini alijiuliza hali kwa Kiojibwe, halafu hakujijibu, maana jibu alilofundishwa lilikuwa moja tu, sijambo.

Mwisho wa Juni mkataba wa Cheryl ukaisha. Athanas alimfuata Al Wakrah kumpeleka uwanja wa ndege. Masanduku yalikuwa manne. Mawili yakajaza buti, mawili yakachukua kiti cha nyuma. Cheryl akakaa mbele. Athanas hakujua kama ni kwa ajili yake au kwa ajili ya masanduku, na hakuthubutu kuuliza.

Walipokaribia uwanja akasema, "Nimeifuta."

"Kwenye simu."

"Kwenye simu, ndiyo. Na mahali pengine haipo."

"Na kichwani?"

Athanas alikuwa ameisikiliza mara nyingi mno, kila akikosa usingizi. "Kichwani ipo. Yote."

"Basi hapo ndipo pake." Cheryl akanyoosha msuko wake begani. "Umeichukua bila kuomba. Siwezi kuirudisha ndani. Kwa hiyo uibebe. Theluji ikilala kwetu, utaisimulia. Si kuicheza kwenye mashine. Uisimulie kwa mdomo wako, kwa mtu anayeweza kukujibu."

"Kwa nani, Madamu? Hapa sina mtu."

"Hilo ni lako."

Alimshushia masanduku. Cheryl alikuwa amemfundisha zamani kwamba kwao hawana neno la kwaheri. Akasema, "Giga-waabamin," nitakuona, akaingia mlangoni bila kugeuka. Athanas alisimama mpaka askari akampigia filimbi asogeze gari.

Abiria mpya alikuwa kijana wa benki. Kiti cha nyuma, simu, paji la uso. Julai, Agosti, Septemba. Athanas alibeba hadithi kama mtu anayebeba beseni la maji kichwani kwenye umati, bila pa kulitua. Aliwafikiria Dedan na Makame, akawavuka. Kiingereza chake kilikuwa cha njia panda na maegesho, kisingeibeba. Kijaluo kingeibeba vizuri, na aliijaribu garini kwa Kijaluo, ikatoka laini, bila kukwaruza popote. Ndiyo maana aliiacha. Lugha ile haikuwahi kumgharimu kitu, na yeye alikuwa na deni la kuchekwa.

Desemba, siku ya Jumanne, picha ikaingia kwenye simu. Ilitoka kwa Cheryl, haina neno hata moja. Dirisha, na nje ya dirisha weupe mtupu.

Jua la Doha lilizama kabla ya saa kumi na moja. Lakini Mfangano kulikuwa bado na mwanga, na Athanas alikuwa na masharti mawili sasa, ya Cheryl na ya bibi yake. Akakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya Abu Hamour, akangoja saa mbili zipite. Mbele yake watu walitoka dukani na mifuko, wakaingia magarini, wakaondoka. Saa moja ya usiku akapiga.

"Kuna giza huko?" akauliza. Akauliza kwa Kisuba.

Upande wa pili mbwa akabweka, kisha akanyamaza.

"Nani huyu?" Perpetua akasema.

"Mimi, dada."

"Sauti ni ya Athanas. Lakini huyu anayeongea simjui."

"Ni mimi. Nina hadithi. Si yetu, nimeipata kwa watu. Kuna giza?"

"Giza lipo. Sema."

Akaanza. Sentensi ya kwanza ikavunjikia katikati. Ya pili ikatoka kinyumenyume, na Perpetua akacheka. Kilikuwa kile kicheko alichokikimbia tangu darasa la pili. Kikamfikia garini, kikampata, akakaa nacho, jasho likimtoka ilhali kiyoyozi kinafanya kazi. Aliona kwamba bado yuko hai, akaendelea. Akafika kwenye theluji na hakuwa na neno. Akasema kuna unga mweupe, wa baridi, unaanguka kutoka juu na kulala chini.

"Unaliwa?" Perpetua akauliza.

"Hauliwi."

"Sasa una kazi gani?"

"Unawalaza wenye hadithi. Wasisikie."

Athanas akasikia kigoda kikivutwa sakafuni, na mtu mzima akiketi na kushusha pumzi.

"Haya, waache walale," akasema. "Lakini pale mwanzo umeharibu. Hatusemi hivyo. Anza tena, na safari hii usikimbie."

Athanas akazima injini, akaanza tena.