Kito Kidoleni kwa Mkewe

Fundi cherehani aliiona pete ile mkewe akimenya vitunguu. Kito kilimeta, kikatupa cheche za rangi ukutani.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Hii? Kioo tu. Nimenunua kwa wachuuzi wa barabarani."

Alijibu upesi mno, kisha akaizungusha pete kito kikaelekea kiganjani. Hapo hapo moyo wa fundi ukaingia mchwa.

Mkewe alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mgane mtanashati, manukato yake yakifika kabla yake. Fundi alikuwa amewahi kumshonea suti. Kifua cha bwana yule alikijua kwa sentimita. Yaliyomo ndani ya kifua hakuyajua, na hayo ndiyo yaliyomnyima usingizi.

Asubuhi mkewe alipokwenda kazini aliivua pete, akaificha chini ya kanga kwenye droo. Mtu mwingine angesema, mwanamke anaogopa kuipoteza. Fundi alisema, yeye na bosi wake wanawaficha wafanyakazi wengine.

Mteja mmoja alikuwa amemwambia kwamba almasi ya kweli ukiipulizia pumzi, ukungu hutoweka mara moja; ya bandia hubaki na ukungu kidogo. Basi akaifungua droo, akapuliza. Ukungu ukaondoka. Au ulikawia? Akapuliza tena na tena hadi kichwa kikamzunguka. Wivu una macho yake: kila mara aliona kile alichokuwa akikiogopa. Akaitia pete mfukoni, akafunga kibanda chake cha kushonea, akaenda kwa sonara.

Sonara alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Unauza?"

"Nataka kujua tu."

"Wanaume wanaotaka kujua tu," alisema mama yule akichukua kioo chake cha kukuzia, "huondoka hapa na nyuso mbaya kuliko walizokuja nazo."

Aliigeuza pete chini ya taa, akaguna.

"Dhahabu ni ya kweli. Kito ni cha kuiga. Tazama kingo hizi. Kingo za almasi hukaa kali miaka nenda miaka rudi, haziliki kwa kuvaliwa. Hizi zimelika kama kipande cha sabuni."

Fundi alitamani kumkumbatia. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Hakuna mwanamume anayemhonga mke wa mtu kioo, tena kikuukuu!

Alimkuta mkewe amewahi kurudi, amepiga magoti mbele ya droo, nguo zimetapakaa sakafuni, machozi yanamtiririka.

"Usilie, ninayo mimi!" Fundi akaitoa pete kwa furaha. "Nimeipeleka kwa sonara. Nilidhani bosi wako amekuhonga almasi, kumbe ni kioo kweli, mke wangu!"

Mkewe alimtazama kama mtu aliyeamshwa kwa kofi.

"Umesemaje?"

"Kito ni cha bandia."

"Hiyo ni almasi ya mama yangu."

Ndipo akaeleza. Baada ya mazishi ya mama yao, dada yake mkubwa alimpa pete hiyo kwa siri, maana wake za kaka zao walikwisha kuanza kufungua masanduku. Akamwonya: ukiulizwa, sema ni kioo.

"Na mimi ukanificha?"

"Wewe ukikaa na kaka zangu kwenye chai, huna siri. Mdomo wako hauna kifungo, na ufundi wako wote huo."

Akaipokea pete, akaiinua dirishani. Uso wake ukabadilika.

"Basi dada kaibadilisha. Juzi nimemwona na hereni mpya. Kachukua almasi, mimi kanitupia kioo. Tangu utotoni yeye hupewa nyama, mimi mchuzi!"

Fundi aliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao yeye tangu siku ya vitunguu, na kuuona kwa mwenzake kukamtisha.

"Sikiliza. Sonara kasema kingo zimelika kama sabuni. Kito kilichowekwa juzi hakiwezi kulika hivyo. Hicho kimekaa kidoleni miaka mingi. Aliyekila ni mama mwenyewe, kwa kufua na kukanda unga."

Mkewe alipitisha kidole gumba juu ya kito, polepole. Kama mama alijua au hakujua, hapakuwa na wa kumuuliza tena.

"Dada nimeshamsamehe kabla sijamtukana," alisema mwishowe. "Wewe bado. Mimi kuhongwa!"

Alikusanya nguo zake, akaenda kulala kwa dada yake. Fundi alikula mikate mikavu na kujikata kwa kisu cha vitunguu hadi alipokwenda kumwomba radhi, mbele ya shemeji yake aliyemcheka waziwazi. Mkewe akarudi. Safari hii pete aliivaa hadi kazini.

Baadaye mwenye duka la dawa alikuja kupimwa suruali.

"Mkeo ana pete nzuri," alisema, mikono juu. "Ni almasi?"

"Ya marehemu mama mkwe," fundi akajibu. Na papo hapo akawaza: huyu vidole vya mke wangu anavitazamia nini?

Akaivuta futi kiunoni pa bwana yule kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hadi bwana akaguna.