Shamba la Bwana Ameir

Picha yenyewe haizidi daftari la shule kwa ukubwa: kilima, nyumba mbili nyeupe, miti ya kijani kilichofifia na kipande cha bahari. Niliinunua mimi, katika duka la hisani la vitu vya mitumba pale mtaani kwetu Thornton Heath, ili kuficha doa la unyevu ukutani. Haukupita mwezi, mume wangu Ameir akaifanya shamba la babu yake Pemba, lililochukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi.

Ameir kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa ya pili. Pemba alikwenda mara moja, akatapika njia nzima. Lakini hapa London kila mkimbizi wetu aliacha shamba. Ukiyajumlisha yote, Pemba ingelingana na Ufaransa. Sikumkatalia. Mtu anayeshinda ofisi ya council, serikali ya mtaa, akipanga mafaili anahitaji pahala pa kuwa bwana.

Mwaka 1998 mwanetu Suad akaletewa posa, naye Suad alimpenda kijana huyo hadi chakula hakimpiti. Baba wa kijana, Bwana Abdulwakil, alikuwa mtu wa kuulizia nasaba, naye alijulikana kuwa mshauri wa sanaa katika jumba moja kubwa la makumbusho. Alikuja Jumapili, kutoka mtaa wa Tooting, na koti la sufu. Ameir hakumngoja hata amalize kahawa.

"Lile pale shamba letu, Bwana Abdulwakil. Karafuu tupu."

Mgeni akainuka, akavaa miwani, akaisogelea picha.

"Hii Capri," akasema. "Kisiwa cha Italia. Mchoraji Mwingereza, karne iliyopita. Ni study tu, alijaribu mkono kabla ya kuchora picha kubwa. Na hiyo kubwa naijua. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele yake, shift ya asubuhi."

Ameir, aliyekuwa ameinamia kikombe kwa aibu, akainua kichwa polepole.

"Mshauri anasimama shift?"

Bwana Abdulwakil akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Gallery attendant," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi mie siozeshi kwa mlinzi."

"Na mwanangu haoi kwenye nyumba ya uongo." Akanyoosha mkono kuchukua koti lake.

Suad alikuwa mlangoni na sahani ya visheti, machozi yanamlengalenga. Hasira zikanipanda.

"Kaeni," nikasema. "Miti ile si mikarafuu, na Ameir akiisifia huwa najizuia kucheka. Mikarafuu naijua mie. Utotoni nikiokota karafuu chini yake kwenye mashamba ya watu, nikichambua vikonyo mpaka kucha zinauma. Mimi si binti wa nyumba kubwa kama nilivyowaacha muamini. Haya, sote watatu tumeshaumbuka. Muulizeni Suad anataka harusi mwezi gani."

Bwana Abdulwakil akakaa. Akachukua kisheti kimoja.

"June, please," Suad akasema.

Mgeni alipoondoka, Ameir alibaki akiitazama picha, kisha akanigeukia mimi.

"Shamba la nani hilo ulimokuwa ukiokota?"

Shamba la uongo nimelisikia kila Jumapili. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa, hilo lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu mimi.