Mwendo wa Msaliti

Bibi yangu Mahbuba alinikataza mara tatu, na mimi, sikio la kufa halisikii dawa, nikaendelea. Zamani, wakati wa vita vya milimani huku ng'ambo, yeye ndiye aliyekuwa akiwatungia waasi michezo ya kuigiza, wakiicheza pangoni huku ndege za serikali zikipita juu. Nilitaka mchezo wake mmoja uchezwe tena, hapa hapa ukumbini kwetu Azaiba, mbele ya jamaa tu.

Tangu Ami Talal alipojitolea kucheza msaliti, Bibi hakula vizuri. Ami Talal ni mstaafu anayekaa mtaa wa Sib, mtu mpole. Alitwambia baba yake, Mzanzibari mwenzetu, alikuwa mpishi wa wapiganaji na homa ilimuua huko huko milimani, yeye Talal akiwa na miaka sita. Alitaka kucheza ili amkumbuke. Mimi nilifurahi. Bibi aliinuka akaenda kufunga madirisha, na joto lote lile.

Siku ya mazoezi Ami Talal alikwama. "Bi Mahbuba, huyu msaliti mlikuwa mkimchezaje?"

"Nshasahau."

Uongo, na uliniudhi. Mchezo mzima kanisomea kwa moyo! "Bibi, wacha maringo. Muoneshe."

Akanitazama mpaka nikaogopa. "Haya. Umetaka wewe."

Akaiweka bakora yake chini. Akapita mbele yetu akiburuta mguu wa kushoto, akipangusa mikono kiunoni, akionja hewa kwa ncha ya ulimi. Tulicheka sana.

Ami Talal hakucheka. "Mama alikuwa akituigizia hivyo hivyo, tusimsahau," alisema. "Huyo baba angu."

"Ndiye." Bibi alishika kiti. "Ilikuwa dasturi yetu, kila msaliti tukimpa mwendo wa mtu wa kambini, wapiganaji wapate kucheka. Nkamchagua yeye kwa kuwa hana hasira. Wakubwa wa kambi wakadhani sisi wa mchezo tunajua jambo juu yake. Siku ya tatu wakamchukua, hakurudi. Hapakuwa na homa, mwanangu. Na mimi nlinyamaza."

Nilijichukia. Hakuna aliyejua atazame wapi.

"Siku ile ya mchezo," Ami Talal aliuliza, "mwenyewe alikuwapo?"

"Alikuwapo. Kakaa mbele kabisa."

"Akafanya nini?"

Bibi aliinama akaiokota bakora yake.

"Alicheka kuliko wote."