Vidato Ishirini na Saba vya Kwa Bibi Hägele

Usiku wa jana niliota sina viatu, sina pasipoti, sina namba ya foleni, sina meno yangu ya juu, na sina ufagio. Nilichokuwa nacho ni pajama na kibao cha mbao kinachoning'inia shingoni. Nimesimama chini ya ngazi za jengo letu hapa Stuttgart, nataka kupanda kwa Bibi Hägele nikamwombe radhi kabla hajahama.

Vidato ni ishirini na saba. Naweka mguu juu ya cha kwanza.

"Ngoja," kinasema. "Hapa hapapandwi mpaka wote tukubali."

Sikushangaa. Alhamisi, katika darasa la jioni la Kijerumani, mwalimu alitueleza kwamba nchi za Umoja wa Ulaya ni ishirini na saba, na yako mambo ambayo mmoja akikataa, yanakwama. Niliandika daftarini. Mimi huandika kila kitu, kwa kuwa hata kusoma nilijifunza usiku, baada ya kazi, nikiwa na miaka ishirini na sita.

"Jitambulishe," kinasema kidato cha pili.

"Mzee Kasanda, mtunza ghala mstaafu wa reli, Tabora. Naishi kwa binti yangu Tausi, muuguzi."

"Na kosa ulitaje," kinasema kibao shingoni, kwa sauti ya karani.

Nikalitaja. Katika jengo letu kibao hiki hutundikwa mlangoni kwa mwenye zamu ya kufagia ngazi. Wiki ikiisha, naye humtundikia jirani. Mimi nilikikuta mlangoni petu Tausi akiwa safarini. Neno lililochongwa juu yake sikulijua, na kuuliza sikutaka. Nikakitundika sebuleni, pembeni ya cheti changu cha elimu ya watu wazima, kikakaa wiki tatu.

"Baba, hiki kibao jengo zima linakitafuta," alisema Tausi aliporudi.

"Nimetunukiwa."

"Hukutunukiwa, Baba. Ulipangiwa zamu."

Wiki zote tatu alifagia Bibi Hägele wa juu, mwenye miaka themanini na moja na magoti mabovu. Tangu hapo nikimsalimu haitikii. Jumatatu anahamia nyumba ya wazee. Tausi aliniambia nimwandikie. Nikamjibu kwamba mtu wa umri wangu haandiki barua kwa ajili ya vumbi.

"Hilo la vumbi tumelisikia," kinasema kidato cha tano. "Tupige kura."

Vinakubali kimoja kimoja, kwa adabu, vikitafsiriana. Saa sita kamili vinakwenda kula. Nasubiri na mguu mmoja hewani mpaka saa saba kamili.

Vinaporudi, kidato cha kumi na tisa, kile chenye pengo ukingoni, kinasema, "Mimi sikubali."

"Wenzako wote wamekubali."

"Wana haki yao. Nami nina yangu."

Sasa tumo ghalani Tabora, na kidato cha kumi na tisa kimekaa kwenye kiti changu. Kinatazama sakafu.

"Hapa alikuwa akifagia nani?"

"Mama mmoja. Miaka kumi na minane."

"Jina lake?"

"Tulimwita Mama Fagio."

"Hiyo ni kazi yake. Nauliza jina."

Nikatafuta. Katika ghala lile nilijua kila msumari ulipolala, gizani nilikuwa naupata kwa mkono. Jina la yule mama sikulipata.

"Basi unajua kwa nini sikubali," kinasema, bila hasira.

Tumerudi kwenye ngazi. Napiga magoti, nafagia kidato kile kwa mkono wa pajama. Kifungo cha mkononi kinakatika. Kidato kinakidaka.

"Nakushikia. Kifuate ukiwa macho, na kura yangu utaikuta hapohapo."

Nikaamka. Kumekucha, na mkono wa kulia wa pajama hauna kifungo. Nikajiambia huenda kilikatika zamani.

Hata hivyo nikakaa mezani. Niliandika kwamba kufagia ilikuwa zamu yangu, kwamba kibao nilikifanya pambo kwa sababu niliona aibu kuuliza, na kwamba naomba radhi. Mwishoni nikamwuliza jina lake hasa, maana Hägele ni la marehemu mumewe.

"Shikamoo Baba. Unaandika nini asubuhi yote hii?"

"Marahaba. Barua. Nitafutie makosa."

Tausi akapata manne. Akasoma tena, polepole, akanirudishia. Akaniletea bahasha na ufagio.

Nikailamba bahasha, nikaifunga. Nikapanda nikifagia kuanzia chini, jambo ambalo si utaratibu. Kwenye kidato cha kumi na tisa, katika lile pengo, kulikuwa na kifungo cheupe chenye uzi wa pajama yangu.

Nikakitia mfukoni, nikasema asante. Kisha nikavimalizia vinane vilivyobaki, nikaisukuma barua kwenye tundu la barua la mlango wa juu, nikaisikia ikianguka upande wa pili.