Fidla Isiyofunguka

Nilipomwambia Fundi Kesho kwamba nataka kutengeneza fidla moja tu, kisha simsumbui tena, aliniuliza nina umri gani. Nikamwambia hamsini na moja. Akahesabu kwenye vidole, bila haraka yoyote, halafu akasema, "Utaimaliza ukiwa na hamsini na nane. Bado utakuwa kijana."

Jina lake halisi analijua mkewe. Sisi wengine tunamwita Fundi Kesho kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Fidla yangu iko tayari? Kesho. Nyuzi zimefika? Kesho. Mimi naitwa Chapchap, na jina hilo nimelitolea jasho: miaka ishirini na sita natengeneza milango, na hakuna mteja aliyewahi kulala nyumba wazi kwa sababu yangu. Mtu anaweza kukisia tulivyoelewana.

Sikwenda kwake kutafuta sifa. Nilikwenda kwa ajili ya Mama. Mama alifundisha fidla shuleni miaka thelathini, na fidla yake mwenyewe niliivunja mimi nikiwa na miaka tisa. Niliambiwa nitulie, nikaruka kitandani, kumbe fidla ilikuwa chini ya shuka. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliendelea kupiga fidla za shule mpaka alipostaafu, akazirudisha zote, na tangu siku hiyo mikono yake haikuwa na kazi. Sasa ana miaka themanini na mbili, na vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kujikunja. Kile kidogo kilishagoma kabisa kunyooka. Vilibaki vitatu vya kupigia, na daktari alisema navyo vitafuata, hakusema lini.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na vidole vitatu, na Fundi Kesho alikuwa na miaka saba.

Miezi minane ya kwanza sikugusa fidla. Nilinoa. Asubuhi niko kwenye milango yangu, mchana niko kwake nanoa patasi mpaka naona meno yangu kwenye chuma. Yeye anapitisha kidole gumba kwenye makali, anasema, "Inakaribia." Alipochoka kusema inakaribia akanipa kazi ya kupika gundi. Gundi yenyewe ni ya ngozi ya ng'ombe. Unaloweka chembechembe, unazipasha moto kwenye kisufuria kilicho ndani ya sufuria ya maji, isichemke, na inanuka kama kiatu kilichonyeshewa. Nikamuuliza kwa nini tusitumie gundi nyeupe ya kopo, ile yangu ya milango, ambayo ukishaibana, mbao itapasuka yenyewe kabla gundi haijaachia.

"Ndiyo maana," akasema.

Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Huyo ndiye mwalimu niliyempata: nusu ya jibu leo, nusu nyingine kesho.

Siku moja uzalendo ukanishinda. "Fundi, mama yangu hana miaka saba. Vidole vyake havina hata miwili." Aliweka randa chini, akanitazama kwa huruma ya kweli, hapo simsingizii. Kisha akafungua mdomo na kuanza ule msemo wa haraka ambao kila mtoto ameulishwa pamoja na uji. Nikamkatiza katikati.

"Huo kamwambie mtu mwenye muda," nikasema, nikavua aproni yake nikaitundika msumarini.

Kwenye karakana yangu kulikuwa na madirisha ya mbao niliyoyang'oa katika nyumba moja kuukuu, mbao laini, mistari yake imenyooka. Zilikuwa zimekaa kwenye jua na upepo miaka themanini. Kulikuwa na mlango wa kabati pia, mbao ngumu, ya kutosha mgongo na mbavu za fidla. Nikasema basi, mbao zimeshasubiri kwa niaba yangu. Vipimo nilikuwa navyo kichwani, maana miezi yote ile mikono ilinoa lakini macho hayakulala. Nilizikunja mbavu kwenye bomba la moto, nikachonga mgongo, nikaupunguza uso, ule ubao wa mbele, mpaka nikiunyanyua dirishani mwanga unapenya na kuwa mwekundu. Nilitia gundi, nikabana, nikatia gundi, nikabana. Gundi nyeupe, bila shaka. Siku ya ishirini na tatu nikafunga nyuzi.

Ningeweza kuipeleka moja kwa moja kwa Mama. Lakini kiburi changu kilitaka kwanza kipite kwa Fundi Kesho. Nikaiweka mezani kwake mbele ya wateja wawili.

Aliishika. Akaigonga kwa kidole kuzunguka pembezoni, sikio limelala karibu. Akavuta upinde kwenye uzi mmoja, na sauti iliyotoka iliwafanya wale wateja waache mazungumzo. Kisha akavuta uzi mnene, na ndani yake kukawa na mngurumo mdogo, kama nzi ndani ya kopo.

"Sauti ipo," alisema. "Tena ipo sana. Lakini ule mti mwembamba unaopita chini ya uso, ncha yake moja haikupata gundi. Unafungua uso, unaugundisha, nusu saa. Umefunga kwa gundi gani?"

"Nyeupe."

Akaiweka chini polepole. "Ya ngozi inaachia ukiingiza kisu chembamba. Ndiyo kazi yake, kuachia. Fidla itafunguliwa mara tano, mara kumi, na watu ambao hawajazaliwa bado." Akatikisa kichwa. "Fundi wa milango mzima, umetengeneza kitu kisichofunguka."

Wateja walicheka. Na mimi, siwezi kuficha, masikio yaliniwaka.

"Iache," akasema. "Mvua zikianza mbao itavimba, na kwa kuwa haiwezi kuachia, itapasuka. Rudi kesho tuanze upya. Miaka miwili, mitatu, kwa mikono yako hiyo."

"Mvua zinaanza baada ya miezi mitano," nikasema.

"Miezi sita, zikichelewa."

"Basi miezi sita ni yetu." Nikaikwapua fidla yangu nikaondoka.

Mama alikuwa kwenye kiti chake jikoni. Nikamwamkia, nikaiweka mapajani pake. Aliizungusha, akanusa tundu zake, akaiweka begani. Kidole kidogo kilibaki kimejikunja pembeni. Vile vitatu vikatafuta nyuzi, vikakosea, vikapata. Alipiga wimbo wa mazoezi aliokuwa akiwafundisha watoto wa darasa la kwanza, na aliupiga vibaya, na mimi nililia kama mjinga nimeshika mlango wa friji. Alipofika kwenye uzi mnene, nzi akaanza.

"Inanung'unika," akasema Mama.

"Najua. Haifunguki. Nilikosea gundi."

"Imemfuata aliyeitengeneza," akasema, akarudia wimbo tangu mwanzo.

Alipiga kila siku. Majirani walikuja kulalamika, wakabaki kusikiliza, kisha wakalalamika tena. Mchana nilirudi kwa Fundi Kesho, nikaichukua aproni pale pale msumarini. Akanionyesha namna ya kuingiza kisu kwenye ufa wa gundi ya ngozi, na jinsi inavyolia "tik" ikiachia. Hapo sikuwa na haraka. Nilifunga uso wa fidla yake moja kuukuu na kuufungua mara thelathini, nikaufunga tena.

Mvua zilichelewa. Katika mwezi wa saba tangu Mama aipate, mchana, Mama akiwa katikati ya wimbo, fidla ilipasuka kuanzia kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, mpaka chini kwa mlio uliomfanya aitupe mapajani. Ili kuifungua nilikata uso kwa msumeno. Hapakuwa na namna nyingine.

Ya pili ilinichukua mwaka na miezi minne. Fundi Kesho aliigonga kuzunguka pembezoni, akavuta nyuzi zote nne, hapakuwa na nzi. Akachukua kisu chembamba, akafungua sehemu ndogo ya uso, tik, akaifunga tena. Uso wake mzima ulikuwa unacheka.

"Sasa Chapchap umejifunza subira," akasema.

"Hapana, Fundi. Nimejifunza gundi."

Nikampelekea Mama. Aliizungusha, akanusa tundu zake, akaiweka begani. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto, vidole vyote vinne vimefumba ndani ya kiganja, akanirudishia fidla kwa mkono wa kulia.

"Hii ni safi kuliko ile," akasema. "Lakini ile niliipiga."