Darubini Kubwa Ibaki

"Iache hiyo darubini kubwa, Darla! Kilo mbili na ushee, bado miguu yake mitatu. Unapanda kuwinda au unahama?"

"Verlin, inakuuma nini? Mgongo wako au wangu?"

Tulikuwa kila mtu upande wake wa uzio, na majirani wa ng'ambo walishazima mashine ya kukata majani ili wasikie vizuri. Kesho msimu wa kuwinda kwa upinde unafunguliwa. Kibali cha elki dume, yule kulungu mkubwa wa milimani, nilikiomba miaka tisa ndipo jina langu likatoka kwenye bahati nasibu. Nikikosea safari hii, kingine kitanikuta sina magoti.

"Ndogo ya macho mawili na kipima umbali vinakutosha," akasema.

Hapo ndipo nikamshuku. Darubini kubwa huona mteremko wa pili, pamoja na mtu aliyejibanza huko. Verlin alikosa kibali, lakini shemeji yake Boyd anacho.

Nikainua ile ndogo, aliyoiazima Jumatatu eti atazame ndege wa bustanini. Ukungu mtupu! Pete ya kurekebishia jicho la kulia, niliyoitia alama kwa rangi ya kucha, ilikuwa imezungushwa mbali kufuata jicho lake bovu. Na mkanda ulijaa masizi. Mwaka huu moto ulipita sehemu moja tu: bonde langu, ambalo sijawahi kumtajia mtu.

"Ndege wa bustanini wanachoma mkaa siku hizi?"

Akautazama mkanda. Huku kwetu, afadhali uingie chumbani kwa mtu kuliko kwenye bonde lake la kuwindia.

"Haya, nilipanda. Mwaka juzi niliona gari lako pale chini. Uwanda umeungua, Darla, hakuna kitu. Madume wamehamia msitu mnene wa juu. Hatua arobaini huoni mbele. Utachungulia magome ya miti tu kwa hilo dude."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nimeingia kwako? Ungenitoboa kwa mshale!"

"Au unamwachia Boyd bonde?"

"Boyd ana shida gani na bonde lako? Yeye yuko kwenye maporomoko mawili, nyuma ya—" Akajiziba mdomo.

Majirani wakaangua kicheko. Dirisha la jikoni kwa Verlin likafunguliwa kwa kishindo; alikuwa mkewe, Nadine.

"Verlin! Umemuuza kaka yangu mbele ya mtaa mzima!"

Basi nikamwamini. Nikairudisha pete kwenye alama yangu, nikaiegemeza darubini kubwa kwenye uzio.

"Darla, lilete ndani hilo dude, nitakutunzia," Nadine akaita. "Nyama ya elki ya mwaka jana imebaki sufuria moja. Njoo ule sehemu ya huyu, leo yeye hali chakula."