Mguu Wenye Moto

Mama Viganja hakuwa na haraka na mwili wa mtu. Kwanza aliloweka chupa ya mafuta ndani ya bakuli la maji ya moto, akanawa mikono, akajidondoshea matone mawili juu ya kiwiko chake mwenyewe aone kama yanaunguza. Hapo ndipo alipomgusa mteja, na bado hakuanza kukanda. Aliweka mgongo wa kiganja mahali panapouma, akauhamishia upande usiouma, akaurudisha tena. Alikuwa analinganisha joto. Wateja wapya walidhani anawaombea dua. Wa zamani walijua kwamba anatafuta sababu ya kuwafukuza.

"Bega lako limechoka tu," alimwambia fundi wa plasta asubuhi ile. "Halina ugomvi na mtu. Kaa vizuri."

Fundi wa plasta alikaa vizuri. Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye varanda ya chini, chenye kitanda cha mbao, benchi la wanaosubiri na dirisha moja linalopata jua mpaka saa saba. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na mtungi wa kioo wa lita tano. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya ufuta yaliyolala wiki sita kamili pamoja na karafuu zilizopondwa, tangawizi kavu na majani ya mkaratusi. Kila siku Mama Viganja aliutikisa mara mbili, asubuhi na jioni, na kwenye ubavu wa mtungi alibandika karatasi yenye tarehe. Hakuwahi kupunguza siku hata moja. Leo zilikuwa zimetimia. Alikuwa ameshayachuja alfajiri na kuyarudisha mtungini, na ilikuwa bahati, kwa sababu chupa iliyokuwa bakulini ndiyo ya mwisho na fundi wa plasta alikuwa anaimaliza.

Mlango wa pili, fundi cherehani alisimamisha mashine yake ghafla.

"Jirani," aliita kupitia ukuta, ambao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti. "Mzee Funguo anakuja. Ila anakuja vibaya."

Mama Viganja alisikiliza. Mwenye nyumba yao alitembea na funguo za milango yote kwenye pete moja kiunoni, na miaka kumi na miwili wapangaji walikuwa wamezoea mlio wake kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Leo mlio haukuwa sawa. Ulilia mara moja kwa nguvu, ukanyamaza, ukalia tena kidogo. Mtu alikuwa anaburuta mguu.

Mzee Funguo aliingia bila hodi, binti yake mkubwa akimfuata nyuma na kofia ya baba mkononi.

"Mama Viganja! Toa watu. Mguu umenigomea."

"Karibu, mzee. Pole na safari."

"Pole haikandi. Nikande wewe."

Fundi wa plasta alihamia benchini akifunga vifungo vya shati. Mzee akajitupa kitandani. Alikuwa amekaa ndani ya basi siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, alisema, magoti yamegusa kiti cha mbele, na tangu juzi shavu la mguu wa kulia limekaza kama ngoma. Alisema hayo akitabasamu, kwa sababu hakuwa na wasiwasi. Bega lake lilikandwa hapa kila wiki, na kwa wageni wake wote alimtaja Mama Viganja kama daktari wake.

Mama Viganja alipandisha miguu yote miwili ya suruali mpaka magotini. Akaweka mgongo wa kiganja kwenye shavu la mguu wa kushoto. Likawa kama lilivyo la mtu yeyote. Akauhamishia kulia, na hakuhitaji kuurudisha. Mguu ulikuwa na moto kama ubavu wa birika. Ngozi ilikuwa imevutika inang'aa.

"Jirani," alisema polepole, "niazime futi yako."

Fundi cherehani alikuja nayo ikiwa shingoni. Mama Viganja akapima upana wa kiganja kimoja chini ya goti, akazungusha futi mguu wa kushoto. Sentimita thelathini na sita. Akapima vilevile kulia. Arobaini. Akapima tena, maana alijijua, asingelala kama angepima mara moja.

"Unanishonea suruali?" aliuliza Mzee Funguo.

"Mzee, mguu huu siukandi."

"Unasema?"

"Siukandi. Nenda hospitali. Sasa hivi, si kesho. Na usitembee, upelekwe."

Mzee alicheka. Akamtazama binti yake ili wacheke wote, lakini binti hakucheka.

"Daktari wangu ananifukuza," alisema mzee. "Mama, huu ni uchovu wa basi. Weka mafuta, bonyeza pale unapojua, nikalale."

"Uchovu wa basi ungekuwa miguu yote miwili. Basi halikubeba mguu mmoja. Inawezekana damu imeganda humo ndani. Nikiibonyeza inaweza kung'oka ikapanda kifuani."

"Inawezekana! Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Ndiyo maana siukandi."

Angeweza kumweleza habari za shangazi yake, aliyemfundisha kazi hii, na mteja mmoja wa shangazi aliyeingia akichechemea na mguu kama huu. Shangazi aliukanda nusu saa, kwa ustadi wote aliokuwa nao. Mtu yule alishukuru, akasimama, akashika kifua, akaanguka palepale kwenye mkeka. Mwaka mzima shangazi hakugusa mwili wa mtu. Alipoanza tena, alianza na mgongo wa kiganja. Lakini Mama Viganja aliona kwamba mzee hakuwa anatafuta habari. Alikuwa anatafuta kutiiwa.

"Chumba hiki cha nani?" aliuliza Mzee Funguo, na tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Chako."

"Na mguu huu?"

"Wako pia."

"Basi vya kwangu vinifanyie kazi ninayotaka."

"Mguu ni wako, mzee. Mikono ni yangu."

Benchini, fundi wa plasta alijifanya anatafuta kiatu. Mzee Funguo alifungua pete kiunoni, akachagua ufunguo mmoja, akauinua juu ili kila mtu auone.

"Hospitali siendi. Kaka yangu aliingia huko kwa miguu yake akatoka amebebwa. Na wewe, kama umekuwa mkubwa kuliko nyumba, jua likizama vitu vyako viwe nje. Miaka kumi na miwili nimekulea humu ndani!"

"Sawa," alisema Mama Viganja.

Hilo mzee hakulitegemea. Alitegemea machozi, au walau samahani. Alikaa kidogo na ufunguo wake hewani, kisha akauelekeza dirishani.

"Mafuta yanabaki. Kinachoponya ni mafuta, mikono hata mpishi anayo. Binti, beba mtungi ule. Utanikanda mwenyewe nyumbani."

Binti alipiga hatua moja, akasita. Mama Viganja alikuwa ameshafika dirishani na ameweka kiganja juu ya kifuniko.

Alifikiri polepole, kama kawaida yake. Mafuta mengine yoyote mzee asingeyataka. Aliwahi kurudisha zawadi ya chupa nzuri ya dukani kwa sababu haikuwa na harufu ya chumba hiki. Haya yakifika nyumbani kwake, kabla ya mchana binti atakuwa amepiga magoti anabonyeza, kwa nguvu zote za mtu anayempenda baba yake. Yasipofika, hakuna wa kumkanda. Akafikiria na upande wake. Wiki sita za jua. Watu walioahidiwa kuanzia leo, wenye viuno, wenye magoti, yule mama muuza mkaa ambaye vidole vyake havikunji asubuhi. Bila mafuta hana kazi wiki sita nyingine, na bila chumba hana hata mahali pa kuyaloweka.

Akafungua kifuniko, akauinamisha mtungi.

Mafuta hayana kelele. Yalishuka ukutani kwa utulivu, yakapita chini ya kitanda, yakazunguka miguu ya benchi na kuanza kuelekea mlangoni. Harufu ya karafuu ilijaa chumbani mpaka macho yakauma. Fundi wa plasta alipandisha miguu benchini kama mtu aliyeona panya. Mama Viganja aliushikilia mtungi mpaka tone la mwisho likatoka, kisha akaurudisha kizingitini, mahali pake.

"Jirani," alisema fundi cherehani kutoka mlangoni, "leo umemwaga unga na mafuta kwa pamoja."

"Huyu mwanamke ana wazimu!" Mzee Funguo alipata sauti. Akashusha chini mguu usiouma ili aondoke kwa hasira. Mguu ukateleza. Akashika kitanda, akaushusha tena kwa taratibu, ukateleza tena. Alikuwa mtu mzito, na sakafu ya saruji ilikuwa inang'aa kama kioo kutoka kitandani mpaka kizingiti cha mlango.

"Nilikwambia usitembee," alisema Mama Viganja. "Upelekwe."

Ndipo binti akasogea. Alivua viatu, akapita kwenye mafuta kwa visigino kama anayevuka tope, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, baba mkubwa hakuuawa na hospitali. Alifika amechelewa. Siku nne ulimwambia asubiri, eti uvimbe utashuka wenyewe. Nilikuwepo, nilikusikia. Wewe sikuziki mwaka huu. Kasirika unavyotaka."

Mzee Funguo alimtazama binti, akamtazama Mama Viganja, akaitazama miguu yake mwenyewe, ule wa kulia na ule wa kushoto, kwa mara ya kwanza akiilinganisha.

"Leteni kiti cha cherehani," alisema binti kwa wanaume wawili. "Mbebeni nacho."

Fundi wa plasta na fundi cherehani walimbeba, wakisogea inchi kwa inchi, wakitukana sakafu. Njia nzima ya varanda Mzee Funguo alikuwa anapaza sauti kwamba jua likizama, jua likizama. Funguo zililia kila walipomtikisa.

Jua lilizama. Mama Viganja hakutoa hata kijiko. Alimwaga maranda ya mbao sakafuni, akafagia, akasugua kwa sabuni, akamwaga maranda tena. Fundi cherehani alikuja kusimama mlangoni.

"Hujafunga mizigo, jirani?"

"Vitu vyangu viko mahali pake. Akitaka vitoke, aje avitoe mwenyewe, kwa miguu miwili."

Kesho yake alinunua ufuta mpya na karafuu, akakaa varandani akiponda. Waliokuja na viuno vyao aliwaambia hakuna mafuta, na sababu ikiulizwa aliitaja yote, bila kujisifu na bila kujificha. Mama muuza mkaa alikunja vidole vyake vigumu, akanung'unika, akasema angefanya vilevile. Mtungi ukarudi dirishani na karatasi mpya yenye tarehe mpya.

Siku ya tatu binti alikuja.

"Ilikuwa damu, kama ulivyosema. Imeganda kuanzia hapa mpaka juu ya goti. Wanamchoma sindano tumboni, za kulainisha damu. Daktari aliuliza kama kuna mtu aliukanda, nikasema hapana, akashusha pumzi."

"Na yeye anasemaje?"

Binti aliinamisha uso, lakini kicheko kilimponyoka. "Amesema nikwambie bado anataka chumba chake."

"Mwambie namngoja."

Alipoondoka, Mama Viganja alimwomba fundi cherehani, mwenye mwandiko mzuri, amwandikie ubao kwa rangi nyeusi. Alimtajia maneno. Fundi aliinua brashi, akauliza kama ana hakika na mstari wa pili. Alikuwa na hakika. Wakaupigilia misumari juu ya mlango, pale ambapo mtu yeyote anayepita varandani lazima ausome: MGUU WENYE MOTO HAUKANDWI HAPA. HATA UKIWA WA MWENYE NYUMBA.

Mzee Funguo alirudi mtungi ulipotimiza wiki mbili dirishani, jioni, kabla jua halijazama. Amepungua, na mguu wa kulia umevalishwa soksi ndefu ya kubana. Mashine ya kushona ilinyamaza kabla hajafika. Alisimama chini ya ubao akausoma, midomo ikicheza. Akausoma tena.

"Toa huo ubao."

"Hapana, mzee."

"Ukuta ni wangu."

"Na maneno ni yangu. Ukitaka yatoke, nenda kalete ngazi, upande mwenyewe."

Alikuwa anajua kwamba mzee hawezi kupanda ngazi, na mzee alijua kwamba anajua. Nyuma ya ukuta mwembamba mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mzee Funguo aligusa pete yake ya funguo, akaizungusha, akaiacha. Kisha akaingia, akajishusha polepole kwenye kitanda cha mbao, akanyoosha shingo upande mmoja.

"Bega, basi. Hili la siku zote. Kitanda cha hospitali kimelimaliza."

Mama Viganja alinawa mikono. Akaweka mgongo wa kiganja bega la kulia, akauhamishia kushoto, akaurudisha.

"Limechoka tu," alisema. "Lakini wewe unachomwa sindano za kulainisha damu. Niletee karatasi ya daktari inayosema unaruhusiwa kukandwa. Na hata ukiileta kesho, mafuta hakuna. Yalikwenda na maranda."

"Mpaka lini?"

"Wiki nne."

"Wiki nne! Bega langu lingoje wiki nne ndani ya nyumba yangu?"

"Wiki nne kamili. Sipunguzi siku."

Mzee alinyanyuka akinung'unika, akajishika kizingiti cha dirisha ili asimame sawa. Mkono wake ukatua kando ya mtungi. Aliinama akaisoma karatasi ya tarehe, akahesabu kwa vidole kana kwamba anaweza kumkamata kwenye kosa. Hakumkamata.

"Ukishashika hapo," alisema Mama Viganja, akiwa amempa mgongo, anakausha bakuli, "tikisa. Jioni ya leo sijautikisa bado."

Alilipindua bakuli, akalikausha na chini. Kisha akasikia karafuu zikigonga kioo, na funguo zikilia pamoja nazo.